Baiskeli ya Asiyekosa Shule

Wambea wangu wapenzi, sogezeni viti. Barua ya leo imenipozea chai.

"Mshauri, shikamoo, nisaidie maana Ijumaa ndiyo hiyo inakuja. Mama alipougua niliacha darasa nikashika spana kwenye kibanda cha baiskeli cha mjomba, na shule za serikali si unazijua, mahudhurio yakipungua mtihani wa taifa unausikia tu, sasa mwalimu wetu wa darasa, tunamwita Mama Chaki, kila jioni akawa anapita kibandani na rejista kwapani, ananiuliza maswali huku nakaza spoku, nikijibu ananitia tiki, 'Umesoma leo? Basi ulikuwepo.' Miaka miwili hivyo hivyo, nikafaulu, nimepangiwa chuo, na yule mama sijui nimshukuru kwa mdomo gani. Kumbe ofisi ya elimu imepitia rejista zote ikaona mimi ndiye sijakosa hata siku moja, hata ile ya mafuriko ambayo shule nzima haikufika, nimo peke yangu, basi Ijumaa natunukiwa baiskeli mpya mbele ya shule nzima, na hotuba natakiwa nitoe juu yake. Wa pili ni mwenzangu wa dawati, kakosa siku hiyo moja tu, na anatembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto. Nikisema, kibarua cha Mama Chaki kitaota nyasi. Nikinyamaza, naipandaje?

Fundi Spoku."

Marahaba, Fundi, ingawa nadhani tunalingana. Hiyo ya mafuriko imenivunja mbavu. Una bahati wewe: mwalimu kakufuata mpaka kwenye grisi, wenzio tumejifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari.

Ila acha ujinga. Ndiyo shukrani gani hiyo, kumkalisha mbele asikilize tiki zake zikipigiwa makofi? Nenda leo, kwake yeye kwanza, umwambie hutapokea. Kisha muingie wote wawili kwa mkuu wa shule, na madaftari yako yenye grisi, mjiseme wenyewe. Karipio atalipata, pengine na barua kali, lakini anayejisema si sawa na anayekamatwa. Ulichokisoma hakuna wa kukupokonya. Baiskeli ivuke mto, nawe uihudumie bure mpaka siku ya kwenda chuo.

Haya wambea, semeni kweli. Ijumaa, jina limeitwa, Mama Chaki yuko mstari wa mbele anafuta miwani. Ungekuwa wewe, ungeinuka?