Kisweta Kilichofika Forodhani

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa shemeji, hata kwa kikohozi chake kama bado hakijahama. Huku paa la jikoni linavuja vilevile; fundi ana maneno mengi kuliko misumari.

Kifurushi chako kilifika, tena kikatua mezani kwangu forodhani. Unaijua kazi yangu: nguo zinazoingia nazipanga kwenye mafungu ya ushuru. Mwenzangu alikifungua kukikagua, akainua kisweta mbele ya wote.

"Haya, baba kijacho, hii fungu gani?"

Nikapima urefu, nikakigeuza kutazama vitanzi vya uzi, nikasema, "Ya kufumwa, ya mtoto mchanga." Wakapiga makofi. Wakanipa hongera, nami nikapokea kila mkono, tena nikicheka.

Dada, mimba ya wifi yako iliharibika kabla hujatuma kifurushi. Nilifunika kombe, kwako na kwao. Kisweta kipo kwenye droo ya ofisi, chini ya sampuli; nyumbani nimeogopa kukipeleka. Wifi yako mwenyewe huniuliza kama nimekwambia, nami hujibu ndiyo.

Uliandika kwamba sasa unaanza soksi za mtoto. Tafadhali, usizifume.

Ni mimi, mdogo wako.