Kitufe cha nguvu

Jumatano, Matombo

Sikumwambia fundi ukweli. Kazi yangu hapa mlimani ni kufyeka majani na kulinda mtambo wa redio, si kuugusa.

Jumapili watu wa bondeni walilalamika hatuwafikii, nikazungusha kitufe cha nguvu hadi mwisho. Nilidhani nguvu nyingi ndiyo sauti nzuri. Kumbe redio ilikwaruza tangu hapo, na tangazo la msiba likapita humo humo bila kueleweka. Mama Paskalia, jirani anayenigawia ndizi, hakujua kaka yake anazikwa.

Leo fundi alipunguza nguvu, sauti ikanyooka.

"Mtambo ukilemewa unakata vilele vya mawimbi, sauti inakwaruza," alisema. "Nani aliongeza?"

"Labda radi."

"Radi yenye vidole, bwana?"

Nikaokota panga langu la kufyekea. Nikifukuzwa, watoto wangu kule Kasulu watakula nini?

Jioni nilimkuta Mama Paskalia njiani, bado amejitanda kanga ya msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mtambo uliwasumbua sana. Poleni."

Mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole. Nikaitikia, "Tumeshapoa," nikapita.