Usifunge Begi Kabla Hajakujibu

Msamala, Songea

Mjukuu wangu, mume wangu Deo,

Huku hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na babu yako mzima, bado anakuonea wivu. Mimi ndiye situlii tangu uliponiambia unataka kuacha chuo kwa sababu ya mhadhiri. Nafungua duka, nafunga, nafungua tena.

Nami chuoni nilikuwa na mhadhiri wangu. Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, kila mwalimu alikuwa na mradi wa kujiongezea kipato. Wetu wa uhasibu alifuga kuku. Mama yako nilimwacha Mpitimbi kwa bibi yake, bado mdogo, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kufeli. Kwenye jaribio nilikokotoa kichwani, jibu likawa sahihi, yeye akanipa sifuri. Akasema nimenakili.

Nilifunga begi niondoke. Wenzangu wawili wakanivuta hadi bandani kwake.

"Shikamoo mwalimu. Jibu langu lina kosa gani?"

"Marahaba. Halina," akasema, huku akiwamwagia kuku pumba. "Lakini siku ukikosea kazini, nani ataona ulipokosea? Niandikie njia."

"Na hilo la kunakili?"

Akaendelea kulisha kuku. Hakuniomba radhi, na mpaka leo linaniuma. Ila njia niliiandika, nikafaulu, na hivyo hivyo naendesha duka hili.

Wewe umeshamuuliza wako anataka nini? Nenda na mwenzako, mwamkie kwanza. Ukitaka kurudi na hasira zako, rudi, nitakupikia. Lakini begi usilifunge kabla hajakujibu.

Bibi yako, asiyetulia