Shombo Bado Anakutafuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini ulimi umezoea kuianza siku kwako.

Nakuandikia kwa ajili ya Shombo, paka wako. Ulimwokota kwenye rundo la makumbi nyuma ya nyumba yetu hapa Baleni, macho yamefunguka nusu, ananuka samaki hata ukacheka na kumpa jina hilohilo. Mimi sikumtaka. Kila nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, alijisugua miguuni mwangu, akanigonga goti kwa kichwa, akalia mpaka nimtazame. Nikadhani ni ulafi tu. Ukaniambia, "Hana njaa huyo, Mwanaisha. Anakwambia kwamba yupo." Ukanifundisha kumwelewa: mkia ukisimama wima, amefurahi kukuona, akikufumbia macho polepole, amekuamini, akikuuma kidole na kukiachia, anataka mcheze.

Kisha kiharusi kikakupata. Tulipokurudisha kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamekwisha. Mimi niliyezungumza nawe maisha yangu yote sikujua nikwambie nini. Nilikulisha uji, nikakuogesha, nikakugeuza, yote kimya. Shombo hakubadilika. Alipanda kitandani, akapenyeza kichwa chini ya ule mkono uliolala, akausukuma, akalia, akausukuma tena. Niliponyoosha mkono nimtoe, wewe uliguna kwa hasira, ukanikazia jicho. Nikarudi nyuma.

Akawa anafanya hivyo kila asubuhi. Siku moja nakunja shuka, nikaona kidole chako kinamkuna nyuma ya sikio. Kilisogea kidogo mno, lakini kilisogea. Ulikuwa unatokwa na machozi. Nikakaa pembeni yako, nikaanza kukusimulia: nani kaposwa, nguruwe walivyoingia kwenye mihogo, jirani alivyounguza wali wa wageni. Tangu hapo nilisema nawe bila kungoja jibu, na wewe ulinisikiliza. Nilianza hata kuamini kwamba utasimama. Hukusimama, Mama. Ulitangulia mbele ya haki, mwezi wa Ramadhani ukiwa karibu kuandama.

Arobaini ilipopita, mama mdogo alikuja tugawe nguo zako sadaka. Shombo alikuwa amelala juu ya kanga yako, anaikanda kwa miguu ya mbele, ananguruma kooni, ananyonya pindo. Nikamwomba mama mdogo hiyo moja ibaki. Akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu anaihitaji kuliko paka. Nilijua anasema kweli. Nikaifua mwenyewe, nikaianika, jioni nikampa mama mdogo. Harufu yako ilikwenda na maji ya sabuni.

Shombo alizunguka chumba chako, akanusa kitanda kilichobaki kamba tupu, akaenda kulia mlangoni. Hatimaye akaja kwangu. Akapanda mapajani, akaanza kunikanda, taratibu, mguu huu na mguu huu. Mama mdogo alitutazama, kisha akasema, "Akikanda hivyo, ujue alitengwa na mama yake kabla hajashiba."

Nina mvi kichwani, Mama, na watoto wangu wamekwisha kuoa. Neno hilo lilinitoa kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia.

Kucha zake zinachoma. Nimekunja kanga yangu mara mbili nikaiweka mapajani, ili akande kadiri atakavyo.

Mola akupanulie kaburi lako.

Mimi mwanao, kitinda mimba wako