Nusu Sekunde

Studio, 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa studio. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaodai haki zake. Natumaini kazi yako huko maabara ya picha inakwenda.

Barua yako ilinichekesha. Ati filamu hupokea tu inacholetewa na lenzi! Miaka thelathini nasafisha picha, leo mtoto niliyemfundisha kushika kamera ananipa somo. Lenzi ni dirisha tu. Filamu ikiwa mbovu, hata ungefungua madirisha yote, picha haitoki.

Basi tusibishane, tupime. Nimempiga mama yako picha, filamu mbili, kiti kimoja, dirisha moja, kamera juu ya stendi. Ya kwanza ni filamu iliyokwisha muda miaka sita iliyopita, kwa lenzi nzuri uliyoniletea. Ya pili ni filamu mpya, kwa lenzi yangu ya zamani iliyoota ukungu. Nakutumia zote bila kuzisafisha, maana mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Safisha wewe, tazama kwa makini, uniambie ukweli.

Baba yako

21 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Pole kwa mgongo, na uache kuinua ile meza ya kukatia karatasi peke yako.

Umeshindwa. Filamu mpya imetoka kama imepigwa ndani ya mvuke. Ile iliyokwisha muda ina chembechembe, na nyeusi yake imekuwa kijivu, lakini nimeweka kioo cha kukuzia nikahesabu nyuzi za kitambaa cha Mama kichwani. Nilitaka kukutania ukurasa mzima.

Kisha nikashuka kwenye mikono. Wa kushoto naona mpaka pete. Wa kulia hauna vidole, ni doa tu. Picha zote kumi na mbili ziko hivyo, na kiti kimetulia, na uso umetulia. Kwenye ile filamu nyingine kila kitu kina ukungu, nisingejua.

Juu ya kikopo cha filamu umeandika "dirisha, nusu sekunde." Studio ina taa mbili kubwa, Baba. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba nusu sekunde ni ya kupiga majengo, si watu, maana kinachotikisika hugeuka doa. Tena katika salamu umesema wewe mzima. Hali ya Mama hukuitaja. Naogopa. Nijibu upesi.

Binti yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama hajambo?

Binti yako

Studio, 18 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri ruhusa.

Mkono ulianza kutetemeka mwaka jana. Daktari anasema ugonjwa wenyewe hauponi, dawa huupunguza makali tu. Mama yako aliniapisha nisikuandikie, usije ukaacha kazi. Sikuandika. Picha hakuzitaja katika kiapo, nami sikumkumbusha. Mwanga wa taa ungeugandisha mkono pichani usione mtetemeko, ndiyo maana nikazizima taa. Alikaa pale akijua tunapima lenzi, akanicheka kwa ubishi wangu wa uzeeni. Niliona aibu, lakini nilibonyeza mara ishirini na nne.

Barua yako ya Machi nilimsomea siku ile ile ilipofika. Alininunia siku nne. Ile fupi ya Aprili aliisoma mwenyewe, akakaa nayo wiki nzima. Jana akauliza picha ziko wapi. Nikamwambia zote unazo wewe.

Kuhusu ubishi wetu, lenzi ni kubwa kuliko filamu. Nilijua hivyo hata kabla hujazaliwa, ila kukubishia kulinipa sababu ya kukuandikia.

Hapa chini anataka kuandika mwenyewe. Ametumia mkono wa kushoto, umsamehe mwandiko.

Baba yako

Mwanangu, njoo na kamera yako. Baba yako nimemsamehe nusu. Safari hii tutawasha taa zote.

Mama