Taa za Pikapu Yako Zimeng'aa

Baba Zuhura wangu,

Salamu zikufikie popote maji yalipokuweka. Sisi hatujambo. Mgonjwa alikuwa pikapu yako, na nimemtibu mwenyewe kwa mikono yangu hii uliyokuwa ukisema haijui hata kushika spana.

Unakumbuka ulivyoiegesha mara ya mwisho? Mteremkoni chini ya nyumba, pua kuelekea ziwani, ili jioni ukirudi kutoka Mwamgongo na dagaa wako nikuwashie taa uone pa kuelekeza mtumbwi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya gari uliyowahi kunifundisha. "Washa, zima, washa," ulisema, "halafu shuka haraka, usije ukatutia wote ziwani." Jioni ile niliwasha mpaka betri ikafa. Kesho yake mtumbwi ulikutwa unaelea. Mashine ipo, magunia ya dagaa yamo, wewe humo.

Misimu miwili ya mvua imepita. Jua letu la Ujiji likaipika plastiki ya zile taa mpaka ikawa ya manjano, kisha ikaingia ukungu mzito kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nikipita mbele ya gari nilikuwa nainamisha uso. Nilihisi linanitazama na halinioni.

Na mimi hali yangu ilikuwa hiyohiyo. Si mke, si mjane. Shehe alishaniambia kwamba shauri lako kadhi analijua, linangoja mimi tu niende niseme nimekukatia tamaa, nikae eda kama wanawake wengine waliofiwa. Nami nilikuwa tayari, nisikufiche. Nimechoka kupika wali wa mtu asiyekuja. Aliyenizuia ni mama yako.

"Taa zake zimepofuka," aliniambia huku ameshika tama kizingitini. "Atauonaje mji? Zisafishe, mkamwana, umwashie mara moja kama zamani. Asipokuja, hapo nenda kwa huyo kadhi wako, sitasema neno."

Mdogo wako Hamisi aliposikia hakupenda. Unamjua, amekulia kwenye mitumbwi ya kuvulia dagaa, kila giza la mwezi yumo ndani na karabai zake. "Shemeji, taa ni wito," alisema. "Sisi tunawaita dagaa, lakini wanaokuja si dagaa peke yao. Taa haichagui wa kumwita." Nikamcheka. Nikamwambia aniletee betri iliyochajiwa, mambo ya majini awaachie wavuvi wenzake.

Fundi mmoja wa pale sokoni alinielekeza. Unaosha kwa sabuni, unazungushia selotepu ili usichubue rangi, kisha unasugua kwa msasa wa maji, ule mkali kidogo kwanza, halafu laini, huku unamwagia maji bila kuacha. Nilianza na taa ya kulia. Ukatoka uji wa manjano, ukatiririka kwenye bampa kama usaha. Nilipofuta, taa nzima ilikuwa nyeupe, haionyeshi kitu. Baba Zuhura, nililia. Nilijua nimeiua. Mama yako akaniambia endelea, basi nikachukua dawa ya meno na ile singlendi yako ya kijani, nikasugua mpaka mabega yakawaka moto. Polepole ukungu ukafunguka. Nikaiona balbu.

Ya kushoto niliichelewesha, maana ile ni yako. Kila uliposhuka garini ulikuwa unaipigapiga kwa kiganja cha kulia na kuiambia, "Mimi na wewe tumeshamalizana." Zuhura alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Sisi wa nyumbani tulijua mnamalizana nini: feni ya rejeta ya gari hilo ndiyo iliyokula kidole cha mwisho cha mkono wako huohuo wa kulia. Watu wakikwambia "nipe tano" unawajibu zimebaki nne, moja umeilipia gari. Niliisugua taa hiyo taratibu, kana kwamba iko ngozi chini yake. Nilikukumbuka sana siku hiyo. Nilikukumbuka hadi harufu.

Baada ya sala ya magharibi nikaingia garini. Washa, zima, washa. Mwanga ulitoka mweupe, mkali kuliko hata enzi zako, ukaenda moja kwa moja juu ya maji. Mama yako alisimama ukingoni akiita jina lako la utotoni. Mara dagaa wakaanza kuja. Waliruka pale kwenye maji mafupi, wengi, wakimetameta, hadi nikasikia mvumo wao. Halafu wote wakatawanyika kwa mpigo mmoja, vile wanavyofanya kitu kikubwa kinapopita chini yao. Maji yakatulia tuli. Hamisi, aliyeleta betri na kusimama kando ya gari, alipitisha mkono dirishani akazima taa bila kuniuliza. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na safari hii sikumcheka.

Nilifagia uwanja mpaka kulizunguka gari kabla ya kulala, unajua siwezi kulala na uwanja mchafu.

Asubuhi kulikuwa na umande mwingi kutoka ziwani. Nilikwenda kutazama kazi yangu, na kwenye taa ya kushoto nikakuta alama ya kiganja. Kiganja cha mkono wa kulia, kikubwa, cha mwanamume, kimekandamizwa kwenye umande pale pale ulipokuwa unapigapiga. Maji yalikuwa bado yanachuruzika chini yake. Mchanga kuzunguka gari ulikuwa na mistari ya ufagio wangu, haikuvurugwa hata mmoja.

Mama yako alikuja nyuma yangu. Alipoiona alipiga magoti, akaweka shavu lake kwenye taa. "Umwana wanje yaje," alisema kwa lugha ya kwao. "Mwanangu amekuja." Alitabasamu uso mzima, uso ambao sijauona tangu uondoke. Akaniambia sasa ameridhika, amekuona, niende kwa kadhi na radhi zake ninazo. Tangu siku hiyo analala usingizi wa mtoto.

Wakati yeye anaiangalia kwa mapenzi, mimi nilikuwa nimeshahesabu. Vidole vilikuwa vitano.

Nimezifunika taa zote mbili kwa kanga na kuifunga kwa kamba. Betri nimemrudishia Hamisi. Aliniuliza nimeona nini, nikamjibu umande.

Nimewaza sana, mume wangu. Kama ni wewe, na huko uliko umerudishiwa kidole chako, basi alhamdulillahi, hukuja kukaa, ulikuja kuaga, na mimi nimekuaga. Kama si wewe, basi anayepigapiga taa yako amekwisha kuijua njia ya nyumba yetu, na sitaiwasha tena, hata mama yako anisihi vipi. Mlango nimeanza kuufunga kwa komeo. Nisamehe kwa hilo, najua hukuwa unapenda mlango wa komeo. Lakini mwanamume niliyekuwa namwachia wazi ana vidole vinne kwenye mkono huo.

Kesho naenda kwa kadhi. Pumzika, baba watoto. Mimi na wewe tumeshamalizana.

Mkeo mpaka kesho asubuhi,
Mama Zuhura