Ndiga Zilizooshwa kwa Maji Mafu

Kwa Hawe wangu, mama aliyemzaa mama yangu,

Sikuamkii shikamoo leo, kwa kuwa hutaitika marahaba, nami hofu niliyo nayo yanitosha bila ya kunyamaziwa. Nimeketi mlangoni, hapa hapa Matsangoni, naandika kwenye daftari la hesabu la Kadzo, mwanangu wa kwanza, ambaye hukujaaliwa kumuona. Nimekula ndiga, Hawe, kile kiazi cha porini. Nimekula vipande vitatu jua lilipochomoza, na sasa nangoja nione kama nitakufa.

Najua ungenicheka kwanza. Hukuwa mtu wa kubembeleza. Ungeihamisha tumbaku yako kutoka shavu hili hadi lile, ungekung'uta hando lako la marinda na kusema kwamba msomi wako leo amelikumbuka pori. Kisha ungekuja kuchungulia chungu, ungeonja, ungeniambia neno moja tu, nami ningejua la kufanya. Neno hilo ndilo ninalolitafuta tangu alfajiri.

Mwaka huu wa themanini na nne hatukuvuna kitu. Mvua ya mwaka jana ilitudanganya, ya mwaka huu haikutia mguu. Muhogo tumeumaliza. Mahindi ya njano ya serikali huletwa na lori pale barabarani, lakini wiki hii lori halikuja, na hakuna ajuaye kwa nini. Baba Kadzo yuko Malindi, anazunguka Shella kutafuta kibarua cha ujenzi, na hii ni wiki ya tatu hatujapata habari zake. Nimebaki na Kadzo, ana miaka kumi, na Karisa anayemfuata, na Sidi, kitinda mimba. Sidi alikuwa anatambaa. Sasa ameacha. Ukimweka mkekani, unamkuta pale pale ulipomweka. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani na kijembe mkononi.

Unakumbuka ulivyonipeleka kwenye kile kichaka nyuma ya boma lenu, mimi nikiwa na sare ya shule, nimenuna kwa kuwa ni Jumamosi na wenzangu wanacheza? Ulinionyesha ndiga, majani yake matatu matatu na miiba yake inayoshika nguo. Ukachimba polepole mpaka kiazi kikaonekana, ukakata sehemu ya chini tu, kichwa ukakifukia tena na kukishindilia kwa unyayo. Nilikuuliza mbona tusichukue chote. Ukaniambia, "Kichwa si chako. Hicho ni cha atakayekuja na njaa yake." Na kile ulichokata hatukukila. Mwaka ule ghala lilikuwa na mahindi, na kwako ilikuwa haramu kula ndiga penye mahindi. Ulitaka nione tu, basi, kisha ukampa jirani mgonjwa wa jongo asagie dawa yake. Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Nilikuwa najua kuzitaja mvua za nchi ambazo sijazikanyaga, na pori la nyumbani kwetu nikilionea haya.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hukulijua mpaka ukaingia kaburini. Yule bwana shamba aliyekuja na kofia yake na daftari, unamkumbuka? Alitaka kujua watu wa huku hula nini ukame ukizidi, na vitu hivyo vinapatikana wapi. Hakujua Kigiriama, na Kiswahili chako kilikuwa cha kuokoteza, nikaambiwa mimi nitafsiri. Ulizungumza tangu uji hadi chakula cha mchana. Ulimweleza ndiga inavyochimbwa na inavyooshwa, kwa nini kile kichaka hakifyekwi, na nani anaruhusiwa kukata mti humo na kwa sababu gani. Ulikuwa unachora chini kwa kidole. Nami, Hawe, niliona aibu. Yeye alikuwa na viatu vinavyong'aa na mimi nilikuwa nataka anione msichana wa shule. Nikamwambia, "Anasema ni vyakula vya zamani. Siku hizi hatuvili." Akaandika mstari mmoja. Ukaniuliza mbona maneno yako mengi yamekuwa machache hivyo kwa Kiswahili, nikakujibu kwamba Kiswahili ni lugha fupi. Ukacheka ukaniamini.

Sisemi kwamba ni mstari ule ulioua kichaka. Sijui. Ninachojua ni kwamba baadaye walikuja watu wa kupima, wakasema pale ni pori tupu lisilo na kazi, na hakukuwa na karatasi yoyote iliyosema vingine. Nusu yake imefyekwa ikapandwa mikanju ya korosho, na nusu iliyobaki wachoma makaa wameipita. Siku tano zilizopita nilizunguka humo mpaka jua likanichoma utosi. Pale uliponionyesha ndiga kumi na zaidi nilipata nne, na mbili kati yake zilikuwa na makovu ya kisu chako, zimeota upya chini ya vile vichwa ulivyovishindilia. Nikakata, nikafukia. Vichwa nikavishindilia kwa unyayo.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kunishika sawasawa, kwa sababu kuchimba nilikuona, lakini kuosha nilikusikia tu, na nilikusikia kwa sikio moja. Nakumbuka kumenya. Nakumbuka kukata vipande vyembamba. Nakumbuka gunia, na kulizika kwenye matope ya Mida penye mikoko, ili maji ya bahari yaingie na kutoka yaondoe sumu. Siku tatu, hilo nalikumbuka. Nikafanya hivyo. Siku tatu nikaenda na kurudi, Kadzo nyuma yangu. Jana jioni nikachukua nusu ya vipande, nusu nikaiacha gunini, nikaja kuvichemsha na kumwaga maji mara kadhaa kama ulivyokuwa ukifanya.

Na leo, nikishameza kipande cha tatu, ndipo nikakumbuka bamvua.

Ulikuwa ukiangalia mwezi kabla ya kuzika gunia. Mama alikuwa akikuhimiza na wewe ukikataa, unasema ngoja bamvua, ngoja bamvua, na mimi nikidhani ni mwiko tu, kama ule wa kutofagia usiku. Lakini niliposhuka Mida safari hii maji yalikuwa mafu. Yalikuja kiunyonge, yakalilowesha gunia, yakarudi. Maji ya bamvua huja kwa nguvu, hufunika mikoko kiunoni, hufua kila kitu. Hukuwa ukiabudu mwezi, Hawe. Ulikuwa ukingoja maji yenye nguvu ya kufua. Nimelielewa hilo leo, na kitu chenyewe kimo tumboni mwangu.

Nilimuona mzee Mwaringa, jirani yetu, siku alipokula ndiga zisizooshwa zikaisha sumu. Nilikuwa na umri wa Kadzo. Watu walicheka kwanza, wakidhani amepita mgemani akalewa. Alikuwa akitembea akigonga kuta, ulimi umemjaa kinywani, anamwita mkewe kwa jina la mama yake. Walipoacha kucheka alikuwa amelala. Hakuamka. Wewe ulirudi kutoka kwake ukatuambia kwamba ndiga huanzia ulimini na kumalizia miguuni, na anayeonja akiwa mzima mpaka jua la utosini, basi chungu ni salama. Wewe ulikuwa ukimwonjesha kuku kwanza. Sisi kuku tumeshawala wote. Nimebaki mimi.

Basi nimekaa hapa naung'ata ulimi wangu kila mara kuona kama bado ni wangu. Tangu jua lilipopanda juu ya minazi, ncha yake inawasha. Midomo imekuwa kama si yangu. Huenda ni sumu kidogo, huenda ni hofu, maana hofu nayo hukausha kinywa. Nimesimama mara mbili kujaribu miguu. Ya kwanza nilikuwa sawa. Ya pili nilishika mlango. Naogopa, Hawe. Naogopa kufa, na naogopa zaidi kuwalisha. Na kuwaacha bila kuwalisha pia naogopa. Hakuna upande ambao hauna hofu.

Kadzo amekuja akaketi karibu yangu. Sikumwambia kitu, lakini ni mtoto anayeona. Alikitazama chungu, akanitazama mdomo, halafu akauliza taratibu, kama anayeuliza njia ya kwenda kisimani, "Mama, tulizika siku ngapi?"

Nikamwambia tatu.

"Na yalikuwa maji gani?"

Nikamwambia maji mafu.

Akafikiri. "Basi mara nyengine mimi ningoje bamvua?"

Nilielewa alichokuwa akikiuliza. Alikuwa akitaka kujua wapi nimekosea, ili asikosee yeye, nikiwa sipo. Mimi sikuwahi kukuuliza hivyo hata siku moja. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ngoja bamvua, hata wakikuhimiza. Nikamweleza yote niyajuayo, na yale nisiyoyajua nikamwambia kwamba siyajui. Nikamwonyesha kwa kidole chini, pale pale mlangoni, mahali pa kukata na mahali pa kuacha.

Kisha nikakitwaa chungu nikaenda kuzimwaga ndiga shimoni nyuma ya nyumba na kuzifukia. Karisa alilia mpaka sauti ikamkauka. Sidi hakulia, na afadhali angelia. Jua limefika utosini, miguu inanibeba ingawa si vizuri, na nadhani nitapona. Ile nusu iliyobaki gunini nimemtuma Kadzo aizike tena, chini zaidi, mahali ambapo bamvua litafika. Maji yataendelea kupata nguvu mpaka mwezi uandame, baada ya siku nne, na hapo ndiga zitakuwa zimefuliwa. Ndani umebaki unga wa konzi mbili, nitaupika uji mwepesi wa Sidi peke yake.

Pumzika, Hawe, na unisamehe ule mstari mmoja. Nimekuamini nikiwa nimechelewa, lakini nimekuamini, na nitangoja. Ni siku nne. Sijui kama Sidi anazo.

Mjukuu wako,
mama Kadzo